Ufunguo Ukae kwa Mwenye Faili

Tarehe 19 Juni 2011, kwa muda wa takriban saa nne, akaunti yoyote ya Dropbox ingeweza kufunguliwa na mtu yeyote kwa nenosiri lolote. Kilichohitajika ni anwani ya barua pepe ya mwenye akaunti tu. Penye nenosiri ungeandika unachotaka, na mlango ungefunguka. Chanzo kilikuwa badiliko kwenye programu ya kampuni. Kosa liligunduliwa na kurekebishwa siku hiyo hiyo, na kampuni ikaeleza kwamba akaunti zilizoingiwa katika muda huo hazikufika asilimia moja ya zote. Jambo la kutafakari ni kwamba faili zilizokuwa mle zilikuwa zimesimbwa, yaani zimegeuzwa kuwa mchanganyiko usiosomeka bila ufunguo. Kampuni ilitangaza, na ilisema kweli, kwamba inatumia AES yenye ufunguo wa biti 256, njia ambayo mpaka leo hakuna aliyeonyesha hadharani namna ya kuivunja. Kufuli lilikuwa imara kabisa. Ila ufunguo ulikuwa kwa kampuni, na siku hiyo kampuni ilimfungulia kila aliyebisha hodi.

Hoja ya makala haya ni kwamba, kuhusu hifadhi yoyote ya mtandaoni, swali la kwanza ni ufunguo uko kwa nani, na la pili ni kama kufuli lenyewe liko wazi kukaguliwa na watu wasiolipwa na aliyelitengeneza. Bei, jina la kampuni na nchi iliko seva huja baada ya hayo. Wengi wetu hatujauliza hata moja kati ya hayo mawili, kwa sababu hifadhi hiyo hatukuichagua. Ilikuja na simu. Simu iliyonunuliwa Kariakoo au Luthuli Avenue huwashwa kwa akaunti ya Google, akaunti hiyo ina gigabaiti 15 za bure, na ukishakubali lile swali la kuhifadhi picha, kila unachopiga hupanda chenyewe kikipata mtandao. Humo hupanda picha ya kitambulisho cha taifa pande zote mbili, hati ya kiwanja, vyeti vya kidato cha nne, majibu ya vipimo vya hospitali, ukurasa wa daftari la kikoba wenye majina na madeni ya wanachama. Mtu asiyethubutu kuacha bahasha yenye vitu hivyo mezani kwa watu ameviacha kwenye seva asiyoijua.

Kampuni ikisema data zako zimesimbwa, inaweza kumaanisha moja kati ya mambo matatu, na umbali kati yake ni mkubwa. Inaweza kumaanisha kwamba faili husimbwa njiani, zinaposafiri kutoka kwenye simu yako hadi kwenye seva, ili anayechungulia Wi-Fi ya mgahawani asizisome. Inaweza kumaanisha kwamba husimbwa zikiwa zimetulia kwenye diski za kampuni, ili aliyeiba diski asipate kitu. Yote mawili ni mema na siku hizi karibu kila huduma kubwa inayafanya. Lakini katika hali zote mbili kampuni yenyewe inaweza kufungua na kusoma, kama mpangaji ambaye mlango wake una kitasa kizuri lakini mwenye nyumba anao ufunguo wa akiba. La tatu ni usimbaji wa mwanzo hadi mwisho: faili husimbwa kwenye kifaa chako kabla haijatoka, na ufunguo haufiki kwa mwenye seva kamwe. Hilo la tatu ndilo peke yake linalobadilisha uhusiano wako na mwenye seva, na ndilo matangazo mengi ya biashara hulikwepa kwa kusema tu "data zako ziko salama".

Ushahidi kwamba tofauti hii si ya kinadharia umejaa. Oktoba 2013 gazeti la Washington Post lilichapisha mchoro uliotoka katika nyaraka zilizovujishwa na Edward Snowden, uliochorwa kwa mkono ndani ya shirika la ujasusi la Marekani, NSA. Mchoro ulionyesha mahali ambapo data za Google zilikuwa zikivuliwa usimbaji zikiingia ndani ya mtandao wa kampuni, na hapo mchoraji aliweka kikaragosi cha uso unaotabasamu. Nyaya zilizounganisha vituo vya data vya Google na vya Yahoo zilikuwa zikinaswa, kwa ushirikiano na Waingereza, bila kampuni zenyewe kuambiwa. Google ilizisimba nyaya hizo, na ikafanya vyema. Hata hivyo, funguo za faili zilibaki pale zilipokuwa.

Tukio la pili halihusu majasusi. Agosti 2022 gazeti la New York Times lilieleza habari za baba mmoja wa San Francisco ambaye mtoto wake mdogo alikuwa na uvimbe sehemu za siri. Muuguzi aliomba picha ili daktari azitazame kabla ya kutoa ushauri kwa njia ya mtandao, baba akapiga kwa simu yake, picha zikapanda zenyewe kwenye Google, na mfumo wa kukagua picha ukamtia alama ya mnyanyasaji wa watoto. Polisi walichunguza na kumwona hana kosa. Akaunti haikurudi; barua pepe, picha za miaka na namba yake ya simu vilikwenda pamoja nayo. Kuwasaka wanaodhulumu watoto ni kazi ya haki na lazima ifanyike. Ninachokiona katika kisa hicho ni kwamba maisha ya mtu mzima yote yalikuwa yamewekwa mahali ambapo mashine ya mwingine ina haki ya kuyasoma, na mwenyewe hakuwa na nakala mahali pengine.

Mfano wa Apple unaonyesha upande wa pili wa sarafu. Desemba 2022 kampuni hiyo ilianza kuwapa wateja hiari ya kusimba faili za iCloud, picha na nakala za simu mwanzo hadi mwisho. Tarehe 21 Februari 2025 ikaacha kutoa hiari hiyo kwa wateja wapya Uingereza, baada ya serikali ya huko kudai njia ya kuzifikia data kama hizo kwa mujibu wa sheria ya 2016. Wapo wasemaji wengi wa Kiswahili wanaoishi Uingereza, na kwa ambaye hakuwa ameshaiwasha, chaguo hilo lilitoweka. Serikali haihangaiki hivyo kwa kufuli lisilofanya kazi. Hapo pia panaonekana udhaifu wa kupewa kufuli na mwenye ghala: aliyelitoa kwa hiari anaweza kulazimishwa kulichukua, na mteja hana la kufanya.

Kumnyima mwenye seva ufunguo hakuhitaji kuhama kwake. Programu iitwayo Cryptomator, inayotengenezwa na kampuni ndogo ya Skymatic huko Bonn, Ujerumani, na iliyofikia toleo lake la kwanza rasmi mwaka 2016, hukaa kati ya faili zako na wingu lolote unalolitumia sasa. Unaiambia itengeneze kasha ndani ya folda ya Google Drive, Dropbox au OneDrive iliyoko kwenye kompyuta yako, unalipa kasha jina na nenosiri. Ukilifungua, kompyuta huliona kama flashi mpya iliyochomekwa. Unaburuta faili na kuzitia humo, unaandika barua, unahifadhi, kama siku zote. Ukilifunga, ile flashi hutoweka. Sasa ingia Google Drive kwa kivinjari uone kinachoonekana upande wa pili. Hutakuta faili yenye jina "Hati ya kiwanja Kibaha". Utakuta folda iitwayo d, ndani yake folda zenye majina ya herufi mbili mbili, na ndani kabisa faili zenye majina marefu yasiyosomeka yanayoishia na .c9r. Hicho ndicho Google inachokiona, ndicho atakachokiona aliyeiba nenosiri la Gmail yako, na ndicho kitakachokabidhiwa kwa yeyote atakayeifuata Google na amri ya mahakama.

Kinachoendelea ndani kinastahili kuelezwa, kwa kuwa ndicho kinachojibu swali la kwa nini tuliamini kasha hilo. Nenosiri lako halifungi faili moja kwa moja. Programu hutunga ufunguo mkuu wa kubahatisha, kisha huufunga ufunguo huo kwa nenosiri lako baada ya kulipitisha kwenye hesabu iitwayo scrypt, iliyobuniwa makusudi iwe nzito na itumie kumbukumbu nyingi ya kompyuta. Wewe unayefungua mara moja asubuhi huoni tofauti. Anayetaka kujaribu maneno milioni kumi anaumia kwa kila neno. Kila faili husimbwa peke yake, pamoja na jina lake, hivyo ukirekebisha barua ya ukurasa mmoja kinachopanda upya ni barua hiyo tu. Kwa anayenunua bando la siku hili si jambo dogo, na ndiyo sababu siipendekezi VeraCrypt kwa kazi hii: ni programu nzuri sana ya kulinda diski au flashi, lakini huweka kila kitu katika chombo kimoja kikubwa, na badiliko dogo ndani yake linaweza kusababisha chombo kizima kupakiwa upya. Watengenezaji wa Cryptomator wenyewe wanaandika wazi isichokificha: idadi ya faili, ukubwa wake kwa makisio, na saa zilipobadilishwa. Mtu akiona kila tarehe 30 faili zile zile thelathini zinabadilika, anaweza kukisia kwamba ni mishahara. Kwa familia au ofisi ndogo, hilo ni deni linalobebeka.

Cryptomator ni programu huria. Msimbo wake uko hadharani, na yeyote anayejua kusoma lugha za kompyuta anaweza kuufuata mstari kwa mstari, kuukosoa, hata kuuchukua na kuuendeleza. Mwaka 2017 wataalamu wa Cure53 wa Berlin walizikagua sehemu zake zinazofanya usimbaji. Wapo wanaoshangaa: mwizi naye si atausoma? Jibu la swali hilo lilitolewa mwaka 1883 na Auguste Kerckhoffs, mwalimu wa lugha mzaliwa wa Uholanzi aliyeandika Ufaransa kuhusu siri za kijeshi. Alisema mfumo wa siri uwe imara hata ukiangukia mikononi mwa adui, na kinachofichwa kiwe ufunguo peke yake. Mfumo ukivuja unabadilishwa kwa taabu na gharama. Ufunguo ukivuja unabadilishwa leo leo. Tena adui mwenye uwezo haukosi msimbo uliofungwa, kwani huifungua programu iliyokwisha kutengenezwa na kuichambua. Anayezuiwa na usiri huo ni mtafiti wa chuo kikuu na mwandishi wa habari, watu ambao wangekuambia mapema kwamba kufuli lako lina tundu.

Hata hivyo, kuwa wazi hakutoshi, na ushahidi wa hilo hautoki mbali. Mwaka 2024 watafiti wawili wa chuo cha ETH Zurich nchini Uswisi walizichunguza huduma tano zinazojinadi kwa usimbaji wa mwanzo hadi mwisho: Sync, pCloud, Icedrive, Seafile na Tresorit. Walijiuliza swali la haki kabisa: je, seva yenyewe ikitekwa, ahadi inasimama? Katika nne kati ya hizo tano walikuta dosari nzito. Nyingine zilimruhusu mwenye seva kuingiza funguo zake mwenyewe mahali pa za mteja, nyingine kumpachikia mteja faili asizoziweka. Seafile, ambayo ni huria, iliweza kurudishwa kwenye toleo la zamani la usimbaji ambako nenosiri hubahatishwa kwa urahisi zaidi. Tresorit, isiyo huria, ndiyo iliyofanya vizuri kuliko wenzake. Anayetetea programu huria akificha matokeo hayo hajawatendea haki wasomaji wake. Nami nayasoma hivi: usimbaji ni kazi ngumu, waliofunga msimbo na walioufungua wote hukosea, na tofauti ni kwamba uwazi hurahisisha kosa kuonekana na kuthibitisha kwamba limerekebishwa. Miaka miwili kabla yake, watafiti wa chuo hicho hicho walikuwa wameonyesha kwamba mwenye kuishika seva ya huduma ya hifadhi ya MEGA angeweza kuupata ufunguo binafsi wa mteja baada ya mteja huyo kuingia mara 512. Msimbo wa programu za MEGA upande wa mteja ulikuwa hadharani. Dosari ikaelezwa, ikazibwa, na kila mtu akaona ilivyozibwa.

Pingamizi zito zaidi huuliza: ni nani hasa anayeusoma huo msimbo? Machi 2024 dunia ilipata jibu la kutisha na la kutia moyo kwa pamoja. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kusaidia mradi mdogo huria uitwao xz, unaotumika kubana faili katika kompyuta nyingi zinazotumia Linux. Mradi ulikuwa mikononi mwa mtu mmoja aliyechoka, asiyelipwa. Jia Tan alipata imani yake, kisha akapenyeza mlango wa siri ambao ungemwezesha kuingia kwenye seva za watu. Aliyemgundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayefanya kazi kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, kwa sababu kuingia kwenye kompyuta kwa njia ya SSH kulichelewa kwa karibu nusu sekunde, naye hakuridhika mpaka akajua kwa nini. Tarehe 29 Machi alitangaza hadharani. Kama msimbo ungekuwa umefungwa, Freund angebaki na ucheleweshaji wake na mashaka yake. Lakini ni kweli pia kwamba tuliokolewa na udadisi wa mtu mmoja, na ulinzi wa dunia hauwezi kutegemea hilo kila mara. Kwa hiyo msomaji asichague programu kwa sababu tu imeandikwa "huria". Atazame kama imewahi kukaguliwa na wataalamu wa nje na ripoti ikachapishwa, kama ina watu wanaolipwa kuitunza, na kama matoleo mapya bado yanatoka.

Wengine husema miradi ya namna hii hufa ghafla na kukuacha njia panda. Hufa, kweli. Mei 2014 waliotengeneza programu ya usimbaji ya TrueCrypt waliacha ghafla bila maelezo ya kuridhisha, na Oktoba 2024 mtunzaji wa programu ya Syncthing kwa simu za Android alitangaza kwamba anaiacha. Ila tazama kilichobaki. Msimbo wa TrueCrypt ulikuwa umeshachukuliwa na kuwa VeraCrypt, inayotumika mpaka sasa. Kwa Android, wengine walikuwa wameshauendeleza msimbo huo kwa jina la Syncthing-Fork. Linganisha na Boxcryptor, programu ya Kijerumani isiyo huria iliyofanya kazi ileile ya Cryptomator na kupendwa na wengi: Novemba 2022 Dropbox ilinunua teknolojia yake, wateja wapya wakakataliwa, na waliokuwapo wakaanza kutafuta pa kwenda.

Nimeitaja Syncthing, nayo inastahili nafasi yake kwa sababu haihitaji wingu kabisa. Ilianzishwa na Jakob Borg wa Sweden mwishoni mwa 2013. Kompyuta mbili, au kompyuta na simu, hujuana kwa kitambulisho cha herufi na tarakimu 56 ambacho unaweza kukisoma kwa kamera ya simu. Kila upande lazima umkubali mwenzake, kisha folda uliyoichagua hulandanishwa moja kwa moja kati yao, ikisafiri imesimbwa. Vifaa vikiwa kwenye Wi-Fi moja, faili hazitoki nje ya jengo na bando haliguswi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika kusini mwa pwani yetu, intaneti ilizorota Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda kwa siku kadhaa, na waliotegemea wingu la mbali kwa kila faili walisubiri. Ofisi yenye Syncthing kati ya kompyuta ya mapokezi na ya mhasibu ingeendelea na kazi. Udhaifu wake nao ni wa wazi: vifaa viwili lazima viwe vimewashwa kwa wakati mmoja, na ukifuta faili huku, hufutika na kule. Usipoiambia itunze matoleo ya zamani, kulandanisha huko hakukupi nakala ya akiba.

Nextcloud ni habari nyingine. Iliasisiwa mwaka 2016 na Frank Karlitschek, Mjerumani aliyekuwa ameanzisha ownCloud miaka sita kabla, na humwezesha mtu au taasisi kuwa na seva yake yenye faili, kalenda na mengine. Serikali ya shirikisho la Ujerumani inaitumia, na jimbo la Schleswig-Holstein lilitangaza mwaka 2024 kwamba linahamia programu huria, Nextcloud ikiwamo. Lakini kwa kawaida msimamizi wa seva ya Nextcloud anaweza kusoma faili zilizomo. Usimbaji wake wa mwanzo hadi mwisho ni wa hiari, na watafiti waliuonyesha mwaka 2024 kuwa na dosari, zikarekebishwa. Nextcloud inajibu swali la seva iko wapi na chini ya sheria ya nani. Kwa chuo kikuu, hospitali ya rufaa au wizara, hilo ni swali la maana. Kwa nyumba au duka lenye umeme wa kukatika na lisilo na mtu wa kusasisha programu kila wiki, kujiendeshea seva ni kujitafutia hatari kubwa kuliko ile unayoikimbia, na sitamshauri mtu hivyo. Asiyetaka kuunganisha Cryptomator na wingu lake anaweza kutumia Proton Drive ya Uswisi kwa faili au Ente kwa picha; zote husimba kwenye kifaa chako na msimbo wa programu zake uko hadharani.

Kuna anayesema: mimi sina cha kuficha. Huenda. Ila faili nyingi tunazozibeba si zetu peke yetu. Mwalimu ana ripoti za wanafunzi, mganga ana majibu ya wagonjwa, wakala wa fedha ana picha za vitambulisho vya wateja, katibu wa ushirika ana mikopo ya watu. Sheria za kanda hii zimeshalitambua hilo: Kenya na Uganda tangu 2019, Rwanda 2021, Tanzania kwa sheria ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Zote zinamtaka anayeshika taarifa binafsi za wengine azilinde, na zinaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Ya Kenya inautaja usimbaji kwa jina. Data zikivuja zikiwa zimesimbwa, wajibu wa kumtaarifu kila mhusika unaweza kulegezwa, kwa sababu kilichovuja hakisomeki. Katibu anayefunga daftari la wanachama kabla ya kulipandisha Google Drive amefanya lililo sawa kwao na amejipunguzia mzigo mbele ya wanaosimamia sheria hizo.

Na wahalifu je? Watazitumia programu hizi, na wameshazitumia. Siwezi kusema gharama hiyo haipo. Lakini msimbo huu uko duniani kote, na kuuzuia kisheria kutamwacha mhalifu nao na kumnyang'anya mwalimu. Wala polisi hawabaki mikono mitupu: usimbaji wa faili kwenye wingu haufichi miamala ya fedha wala kumbukumbu za simu zilizoko kwa kampuni ya simu, wala hauzuii kukamata kifaa kwa amri halali. Kwa sababu hiyo hiyo msomaji asidhani amepata kinga ya kila kitu. Kasha likifunguliwa kwenye kompyuta yenye programu ya kijasusi, au kwenye kompyuta ya saiba inayotumiwa na watu hamsini kwa siku, aliyejificha humo anaona unachokiona wewe.

Pingamizi ninalolichukua kwa uzito wote ni la ufunguo kupotea. Ukisahau nenosiri la Gmail, Google inaweza kukurudisha ndani. Ukisahau la kasha, hakuna wa kumpigia simu. Faili zipo, nzima, na hazitafunguka tena. Huo ndio upande wa pili wa mtu mwingine kutokuwa na ufunguo, na hakuna ufundi wa kuukwepa. Cryptomator hukupa ufunguo wa kuokolea, mfululizo wa maneno 44, na wa kuuandika ni wewe. Uandikwe kwa kalamu kwenye karatasi mbili, moja ikae zilipo hati za nyumba na nyingine kwa mtu unayemwamini katika jengo jingine. Mke au mume, au mtoto mkubwa, ajue kwamba karatasi hiyo ipo na ni ya nini, kwa maana mwenye kasha anaweza kufariki na hati za mirathi zikiwa ndani. Asiye tayari kufanya hivi asianze na nyaraka zake za pekee. Aanze na nakala, akae nazo mpaka azoee.

Hatua ya kwanza inaweza kuwa ndogo kuliko hizo zote, na haimhitaji mtu kuacha anachokitumia. WhatsApp, ambayo si huria, iliweka tangu Oktoba 2021 uwezo wa kusimba nakala ya mazungumzo inayopanda Google Drive au iCloud. Hauwashwi mpaka mwenyewe auwashe, na anayejua kwamba ujumbe wake husimbwa kutoka simu hadi simu mara nyingi hajui kwamba nakala ya ujumbe huo imelala wazi kwenye wingu. Uwashwe leo, kwenye mipangilio ya soga, penye hifadhi ya nakala. Kisha lije kasha moja kwa vitambulisho, hati na vyeti. Vikishaingia humo, zile nakala za zamani ambazo hazikusimbwa zitafutwe moja moja: kwenye folda ya mwanzo, kwenye picha zilizopanda zenyewe, kwenye barua pepe ulizojitumia. Google Drive huziweka faili zilizofutwa kwenye pipa kwa siku 30 kabla ya kuziondoa, kwa hiyo pipa nalo limwagwe kwa mkono, baada ya kulifungua kasha kwenye kifaa cha pili na kuhakikisha kila faili inafunguka.